Sahihi Nilitia, Karatasi Sikusoma

Kwa muda mrefu niliona haya kulisimulia jambo hili, hata mbele ya wenzangu wa kikundi cha sala. Naliandika leo kwa sababu mwezi uliopita mama mmoja kijana, jirani yangu hapa Shinyanga mjini, alinijia mbio na mtoto mgongoni. Mumewe alikuwa anamsubiri nje juu ya pikipiki. Alitaka nimshikie mtoto kidogo tu, aende benki kutia sahihi.

"Sahihi ya nini, mwanangu?" nilimwuliza.

"Ya nyumba, mama. Sijui vizuri. Baba watoto ndiye anayejua."

Nilihisi miguu inaniishia nguvu. Maneno hayo hayo niliyasema mimi mwezi wa Machi, mwaka 2020.

Marehemu mume wangu alikuwa mfanyabiashara wa mchele. Alinunua mpunga upande wa Kahama, akaukoboa na kuuza mchele hapa mjini na kwingineko. Alikuwa mtu wa kazi, asiyejua pombe, na Jumapili hakukosa ibada ila awe safarini. Nyumba yetu tuliijenga kwa miaka tisa, chumba kimoja kimoja, kama wengi wenu mnavyojua. Mwaka huu tofali, mwaka ujao saruji, mwaka wa tatu bati. Hati ilipotoka tulimwalika mchungaji, tukapika pilau, tukamshukuru Mungu.

Kisha ikaja habari ya dhahabu. Sisi wa ukanda huu tumeishi na dhahabu na almasi tangu zamani. Almasi ya Mwadui iligunduliwa mwaka 1940, kabla sijazaliwa. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza kuzalisha mwaka 2000, na ule wa Bulyanhulu mwaka 2001. Lakini pembeni ya migodi hiyo mikubwa wapo wachimbaji wadogo kwa maelfu, na penye wachimbaji pana wauza chakula, wenye magari na wenye makarasha, yaani mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Rafiki wa mume wangu alikuwa na karasha huko Nyarugusu. Alimweleza faida yake, naye akashawishika. Akaamua kukopa shilingi milioni 30: nusu ya mtaji wa mchele, nusu ya karasha. Dhamana ikawa nyumba yetu.

Siku ya kutia sahihi nilivaa kitenge changu kizuri. Ofisa mikopo alikuwa kijana mwenye adabu, alinisimamia na kuniita mama. Aliweka mezani mkataba wa kurasa kumi na moja, wote kwa Kiingereza, akaonyesha kwa kidole. "Hapa, mama. Na hapa. Na hapa mwisho." Mimi nilisoma hadi darasa la saba, lakini hata ningekuwa na elimu kubwa sidhani kama ningeuliza. Niliona kwamba kuuliza mbele ya wageni ni kumwaibisha mume wangu, ni kama kusema simwamini. Nilidhani kunyamaza ndiyo heshima. Kazi yote haikuchukua dakika tano.

Usiku ule mume wangu alikaa na kalamu akihesabu. Fedha iliyoingia kwenye akaunti ilikuwa milioni 29 na laki moja. "Laki tisa zimekwenda wapi?" nilimwuliza. Akasema, "Ni makato yao hayo." Tukazima taa, tukalala.

Mwezi wa Oktoba, mwaka 2021, mota ya karasha iliungua. Akaomba mkopo wa nyongeza, milioni 8. Safari hii nilitia sahihi nyumbani, karatasi ikiwa juu ya cherehani yangu, na gauni la mteja likiwa bado chini ya sindano. Hata sikunyanyuka.

Mwezi wa Mei, mwaka 2022, akitoka Nyarugusu kwa pikipiki, mume wangu alipata ajali akafariki.

Sitaeleza mengi juu ya siku zile. Wajane wenzangu mnazijua, na msio wajane Mungu awaepushe nazo. Nasema tu kwamba ndugu wa mume wangu hawakuninyang'anya hata kijiko, na kwa hilo namshukuru Mungu, maana si wote wanaotendewa hivyo. Mama mkwe alikaa nami mwezi mzima, akinishika mkono usiku na kuniita mayu, mama, utadhani mimi ndiye niliyemzaa yeye.

Wiki ya tatu baada ya maziko, nilikwenda benki kutoa taarifa ya msiba. Nilionana na yule yule ofisa mikopo. Aliinuka, akanipa pole kwa upole kabisa. Kisha akaniambia kwamba tarehe ya marejesho ni ile ile, na kiasi ni kile kile: milioni moja na laki moja kwa mkopo wa kwanza, na laki nne kwa nyongeza. Jumla milioni moja na nusu kila mwezi.

Nikalipa. Tulikuwa na ng'ombe sita kwa shemeji yangu kijijini. Mume wangu alikuwa amewatenga kwa ajili ya shughuli za watoto, asemavyo Msukuma kwamba mji usio na ng'ombe hauna sauti. Niliuza wote sita. Nikauza mpunga uliokuwa ghalani. Sehemu yetu ya karasha haikupata mnunuzi, maana mwenzake alisema mashine mbovu hainunuliwi. Miezi minne nililipa, jumla milioni 6. Binti yangu wa pili alikuwa achukuliwe chuo cha ualimu mwaka ule; nikamwambia angoje. Mwezi wa tano sikuwa na kitu. Ndipo ikaja barua ya benki, kwamba nisipolipa ndani ya siku 60 nyumba itauzwa.

Dada zangu, niliisoma barua ile jikoni, nikaikunja, nikaificha kwenye pipa la unga. Watoto wasiione! Kama kwamba barua ikifichwa na siku hazihesabiki.

Aliyenitoa kwenye shimo lile ni mhazini wa umoja wetu wa wanawake kanisani, mama mtu mzima aliyepata kuwa karani wa mahesabu kwenye chama cha ushirika cha pamba. Alikuja kunitazama kwa kuwa nilikosa vikao viwili. Nilipomweleza, hakulia nami kama wengine. Aliuliza swali moja: "Una karatasi gani humu ndani?"

Baadaye nililikumbuka swali hilo niliposoma 2 Wafalme sura ya 4, habari za yule mjane ambaye mdai wake alikuja kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Elisha hakuanza kwa kumpa fedha. Alimwuliza kwanza ana kitu gani nyumbani. Mjane yule alikuwa na chupa ya mafuta. Mimi nilikuwa na bati la biskuti chini ya kitanda, limejaa karatasi ambazo sikuwahi kuzifungua.

Tulikaa naye mkekani toka saa tisa mpaka taa zikawashwa. Akavaa miwani, akapitia ukurasa mmoja baada ya mwingine kwa kidole. Kwenye karatasi ya masharti ya mkopo wa kwanza akasimama. "Tazama zile laki tisa zenu," akasema. "Laki sita ni ada ya kushughulikia mkopo. Laki tatu ni bima."

"Bima ya nini? Gari hatuna."

"Bima ya mkopo, mwanangu. Mkopaji akifa, kampuni ya bima hulipa baki la deni. Mumeo aliilipia tangu siku ya kwanza."

Nilikaa kimya. Niliwafikiria wale ng'ombe sita, mmoja mmoja, kwa rangi zao.

Kesho yake tulikwenda wote wawili benki. Mhazini aliweka karatasi mezani, akauliza kwa sauti ya kawaida kwa nini mjane hakuambiwa. Yule kijana aligeuka rangi. Akatazama kompyuta, akatazama karatasi, kisha akasema neno ambalo sijalisahau: "Mama, hukuuliza."

Nilimjibu kwamba mtu hawezi kuulizia kitu ambacho hajui kwamba kipo. Mwenye kukijua ndiye mwenye wajibu wa kukitaja. Sikusema kwa hasira; nguvu ya hasira sikuwa nayo.

Tuliambiwa tulete cheti cha kifo, taarifa ya polisi ya ajali, nakala ya mkataba na barua ya serikali ya mtaa. Benki ikapeleka madai kwa kampuni ya bima. Tulingoja miezi mitatu, na mhazini aliandika kila safari yetu kwenye daftari: tarehe, jina la tuliyeonana naye na alichosema. Daftari hilo lilitusaidia kuliko maneno yangu yote. Mwishowe bima ikalipa baki la mkopo wa kwanza kama lilivyokuwa siku mume wangu alipofariki. Fedha niliyokuwa nimelipia mkopo huo baada ya kifo, milioni 4 na laki nne, ikahamishiwa kwenye nyongeza.

Lakini nyongeza yenyewe haikuwa na bima. Kwenye fomu ile niliyosaini juu ya cherehani, mstari wa bima ulikuwa mtupu. Hakuna aliyeujaza, na hakuna aliyetuambia kwamba bima ya kwanza haiufuniki mkopo wa pili. Baada ya mahesabu yote, pamoja na riba ya kuchelewa, ilibaki deni chini ya milioni moja. Nililimaliza kwa kushona sare za shule. Hati yangu ilirudi. Ng'ombe hawakurudi, na binti yangu alikwenda chuoni mwaka mmoja nyuma ya wenzake.

Nilimchukia yule kijana kwa muda mrefu. Nilipiga magoti nikaomba, nikainuka nikiwa ninamchukia bado. Siku moja nilimwona sokoni amebeba mtoto wake, akanisalimu akiwa ameinamisha uso. Nikamwitikia. Sikujua la kuongeza, nikanunua nyanya zangu nikaenda. Huo ndio mwanzo niliopewa, nami naupokea. Kumsamehe mume wangu kulikuwa kugumu zaidi, na kujisamehe mwenyewe ndiko kugumu kuliko kote.

Sasa nije kwenye yale niliyojifunza, maana sikutaka niwaachie machozi tu.

La kwanza ni kwamba sahihi ya mke si pambo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamzuia mume au mke kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 nayo, katika kifungu cha 114, inataka rehani ya nyumba ya ndoa iwe na ridhaa ya mwenzi anayeishi humo, na inamtaka mkopeshaji achukue hatua za kuhakikisha kama mwombaji ana mke au mume. Mwombaji akitoa habari za uongo kwa kiapo, ni kosa la jinai. Maana yake, dada yangu, wanapokuita wanakuhitaji. Anayehitajiwa anayo haki ya kuelezwa.

La pili, mkopeshaji ana wajibu wa kusema. Mwaka 2019 zilitolewa kanuni za Benki Kuu za kuwalinda watumiaji wa huduma za fedha, nazo zinataka riba, ada, makato na masharti mengine vielezwe wazi kabla ya mteja kutia sahihi. Mwenye malalamiko huanzia kwenye taasisi yenyewe, kwa maandishi. Asiporidhika huyafikisha Benki Kuu, ambayo ina tawi Mwanza. Kwa mambo ya bima ipo Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, na ipo pia Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Hayo yote sikuyajua nilipokuwa naficha barua kwenye unga.

La tatu ni kutambua bima inamlinda nani. Mdogo wangu wa tumbo moja anaishi Marekani, ni muuguzi. Nilipomsimulia mkasa wangu kwa simu alishangaa, akaniambia kwamba kule naye analipia bima ya mkopo wa nyumba kila mwezi, lakini ni ya aina nyingine kabisa. Anayenunua nyumba kwa mkopo na kutanguliza chini ya asilimia 20 ya bei kwa kawaida hutakiwa kulipia bima inayomkinga mkopeshaji, endapo mkopaji atashindwa kulipa. Mkopaji akifa, bima hiyo haimfutii mjane deni. Watu wengi waliendelea kukatwa hata baada ya deni kupungua sana, kwa kuwa hawakujua kwamba wangeweza kuomba lisimamishwe. Ndipo ikatungwa sheria mwaka 1998, ikaanza kutumika Julai 1999. Inamtaka mkopeshaji amweleze mkopaji kwa maandishi siku ya mkataba, na kumkumbusha kila mwaka, kwamba baki la mkopo likishuka hadi asilimia 80 ya thamani ya awali ya nyumba anaweza kuomba bima ikomeshwe. Na likifika asilimia 78 kwa mujibu wa ratiba ya malipo, ikomeshwe yenyewe, mradi mkopaji hadaiwi malimbikizo.

Nilipoyasikia hayo nilifarijika kidogo. Hata katika nchi ya watu waliosoma sana, ilibidi sheria iwalazimishe wenye fedha kusema kitu ambacho mkopaji alikuwa tayari anakilipia. Basi si ujinga wangu peke yangu.

Kwa hiyo, mama mwenzangu, ukiitwa kutia sahihi, omba nakala uende nayo nyumbani, ukamtafute mtu wa kukusomea kama lugha inakushinda. Uliza fedha itakayoingia mkononi ni kiasi gani na makato ni ya nini, moja moja. Ukisikia neno bima, uliza: inalipa nini, kwa sababu zipi, na sababu zipi haifuniki? Mtu aliyeficha ugonjwa aliokuwa nao anaweza kukataliwa. Taarifa ya kifo ina muda wake, kila mkataba na wake, nayo ipelekwe kwa maandishi. Ukiongezewa mkopo, uliza kama bima nayo imeongezwa. Ukimaliza deni kabla ya muda, uliza kama kuna sehemu ya bima inayorudishwa. Na karatasi zote ziwe mahali ambapo mume na mke wote wanapajua.

Wakopeshaji wale wa mitaani, wanaochukua hati au kadi ya benki kwa karatasi moja iliyoandikwa kwa mkono, ni habari nyingine. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inawataka wawe na leseni. Asiyekuwa nayo, mwogope kama moto wa nyasi kiangazi.

Kuna watakaosema kwamba ninawafundisha wanawake kuwashuku waume zao. La hasha! Bwana Yesu mwenyewe, katika Luka sura ya 14, alisema juu ya mtu atakaye kujenga mnara, kwamba hukaa kwanza akahesabu gharama. Nyumba ni ya wawili. Kwa nini ahesabu mmoja? Mume wangu alikuwa mtu mwema. Mzigo ule aliubeba peke yake kwa kunionea huruma, nami nikamwacha aubebe kwa kumheshimu. Tulipendana, lakini mambo ya fedha hatukuyazungumza. Laiti usiku ule tusingezima taa mapema.

Turudi kwa yule jirani yangu. Nilimpokea mtoto, kisha nikatoka nje naye, nikamsalimu mumewe, nikamwambia, "Baba, nakuomba kitu kimoja. Leo msisaini. Ombeni nakala mje nayo." Hakufurahi. Alisema benki watamwona mtu asiye na msimamo. Lakini kwa kuwa mimi ni umri wa mama yake, alitii.

Jioni walikuja wote wawili na karatasi zao. Nilimwita mhazini, ambaye sasa macho yamempungukia, tukamwekea taa karibu. Tukasoma mpaka saa nne. Mstari wa bima ulikuwa umejazwa, lakini kwa miezi 24, wakati mkopo ulikuwa wa miezi 36. Kesho yake mume yule alikwenda kuuliza, ukarekebishwa. Siku ya tatu walitia sahihi.

Aliporudi kumchukua mtoto, yule mama kijana aliniambia kwamba mumewe alimwachia yeye kalamu kwanza. Kisha akaniuliza kama nina bati la biskuti lisilo na kazi.